Watu Elfu Moja Si Mjadala: Dhana Potofu Kuhusu Jumuiya za Wahandisi Mtandaoni

"Tukifikisha watu elfu moja, mjadala utachangamka wenyewe."

Idara za uhandisi zinazotaka kuwakutanisha watafiti na wanafunzi mtandaoni huniletea kauli hiyohiyo, na nimechoka kuisikia. Kiungo kinasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanaingia kwa mamia, na baada ya wiki chache kinachobaki ni matangazo ya semina, salamu za sikukuu na vitabu vya PDF ambavyo hakuna anayevifungua.

Umati hauleti mjadala. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, alieleza hali inayojulikana kama 90-9-1: katika jumuiya nyingi za mtandaoni, takriban asilimia 90 ya watu husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kazi. Ni kadirio tu, lakini linatosha kuonyesha pa kuweka nguvu: kwa hao wachache wanaobeba. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya programu za kompyuta, ilipofunguliwa kwa umma Septemba 2008, waanzilishi wake Jeff Atwood na Joel Spolsky tayari walikuwa na wasomaji wa blogu zao, watengenezaji wa programu, na kundi dogo lilikuwa limeshaanza kuuliza na kujibu kabla milango haijafunguliwa. Mgeni alikuta maswali yenye majibu.

Basi tafuteni watu ishirini walioahidi kushiriki, si elfu moja waliobonyeza kiungo. Chagueni eneo moja dogo. "Uhandisi" ni pana mno. Anzeni na zege, au pampu za maji za umeme wa jua. Pangeni zamu ili swali lisilale siku mbili bila mtu kuligusa, kwa sababu mwanafunzi aliyeuliza mara ya kwanza akanyamaziwa ni nadra kurudi.

Kisha simamieni ubora wa maswali. Hapa ndipo jumuiya nyingi hufia. Mtu anaandika: "Wakuu, slabu imepasuka, nifanyeje?" Watajibu watu kumi, kila mmoja akiwa na ufa wake kichwani. Msimamizi amrudishie maswali kwanza. Nyufa zilionekana lini? Kama ni ndani ya saa chache baada ya kumwaga zege, kwenye jua na upepo, cha kushuku kwanza ni maji ya juu kukauka haraka kuliko yanavyopanda kutoka ndani. Kama zimetokea miezi kadhaa baadaye, upande wa chini, katikati ya nafasi kati ya mihimili, hapo uliza mzigo na nondo. Upana je? Eurocode 2, kanuni za Ulaya za usanifu wa zege, inaweka kikomo cha milimita 0.3 kwa zege la kawaida lenye nondo katika mazingira mengi. Ufa wa 0.2 na ufa wa 2 haviwezi kupewa jibu moja. Na picha ipigwe rula ikiwa pembeni ya ufa. Hilo ningelifanya sharti, bila rula picha irudishwe.

Dhana nyingine potofu ni nyepesi zaidi kujibu.

"Maprofesa wakiwepo wanafunzi watafunguka." Mara nyingi hunyamaza. Nani atataka kuonekana hajui mbele ya mtu atakayemsahihishia tasnifu? Anayeuliza aruhusiwe jina la bandia. Anayejibu, hapana: ushauri kuhusu jengo watu watakamoishi lazima uwe na mwenyewe.

"Lazima tuandike Kiingereza ndiyo iwe ya kitaalamu." Saiti nzima ya ujenzi inaongea nondo, ringi na kokoto, halafu mwanafunzi anaambiwa asubiri mpaka sarufi inyooke? Aulize kwa Kiswahili, aweke vipimo na vizio sahihi. Kinachofanya swali liwe la kitaalamu ni namba zake.

"Nikijadili utafiti wangu utaibwa." Hapa kuna ukweli nusu. Wanafizikia wameweka rasimu zao hadharani kwenye arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya rasimu za makala, tangu 1991, na tarehe ya kuweka ndiyo ushahidi wao wa nani alitangulia. Penye hatari ya kweli ni kwenye hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kwa sababu uvumbuzi ukishatangazwa unaweza kukosa sifa ya kuwa mpya. Marekani humpa mvumbuzi mwaka 1 wa kuomba baada ya kutangaza mwenyewe. Ulaya kwa kawaida haimpi nafasi hiyo. Kama una kifaa unachofikiria kukiombea hataza, zungumza na ofisi ya ubunifu ya chuo kabla hujatuma hata mchoro mmoja. Lakini majaribio yaliyofeli yawekeni, pamoja na vipimo vyake vyote. Hayo hayaandikwi kwenye majarida, na mwenzako wa chuo cha jirani huenda yuko karibu kuyarudia kwa pesa zilezile za mradi.