Kabla ya Serengeti, wapelekeni watoto Msitu wa Rau

Muulize mkazi wa Moshi maji ya mpunga wa Mabogini yanatoka wapi, atakujibu bila kusita: mlimani. Jibu ni sahihi. Ila yanafikaje huko tambarare, kwenye joto na vumbi? Swali hilo tunalipenda sana sisi tunaotoa elimu ya uhifadhi, na mahali pazuri pa kulijibia ni Msitu wa Rau, kusini mashariki mwa mji, chini ya usimamizi wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Rau ni msitu mdogo, takriban hekta 570. Mvua ya tambarare peke yake isingetosha kukuza mivule mikubwa iliyomo humo, wala msoo, mti ambao kwa asili unaota Kenya na Tanzania tu, tena sehemu chache. Kinachoilisha miti hiyo ni maji ya chini ya ardhi. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro huzama kwenye udongo na miamba ya volkano, ikateremka polepole, kisha ikaibuka huku chini kama chemchemi. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika 1987 na inayomwagilia mpunga wa Mabogini, inategemea mito ya Rau na Njoro. Kwa hiyo mkulima wa Mabogini na mwenye shamba la migomba kule juu wanagawana maji yale yale, hata kama hawajawahi kuonana.

Maelezo haya ukiyatoa ukumbini, watu wanasinzia. Msituni fanya hivi: chukua chupa mbili za maji zenye ujazo sawa. Moja imwage taratibu juu ya majani makavu chini ya mti, ya pili kwenye njia iliyokanyagwa ikawa ngumu. Pale chini ya mti maji yanazama karibu yote. Njiani yanatiririka, yanabeba udongo na kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Waache washiriki wafukue majani kwa kijiti, waguse unyevu, waone minyoo na nyuzi za uyoga. Hapo hata mtoto wa darasa la tatu anaeleza mwenyewe kwa nini mlima ukikatwa miti mto hufurika masika na kukauka kiangazi.

Juu ya miti wapo mbega. Wapeni watoto muda wa kutosha kuwatazama. Mbega hana kidole gumba kama chetu, na mtoto wake huzaliwa akiwa mweupe mwili mzima. Ni mnyama wa kula majani, kwa hiyo msitu ukimegwa hana pa kukimbilia.

Safari ya Serengeti ni nzuri, siipingi, lakini mtoto akienda huko mara moja hurudi na picha za simba. Rau anaweza kurudi kila muhula, akaona mabadiliko kwa macho yake.

Kuna jambo linaniumiza: miche inayopandwa Aprili kwa mabango na hotuba, kisha Agosti hakuna wa kuimwagilia. Afadhali kikundi kipande miche kumi ya mikuyu na kuitunza. Na karibu na chemchemi msipande mikaratusi, inakunywa maji mengi mno. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Mkitaka kuanza, ombeni kibali na mwongozaji kwa ofisa misitu. Watu kumi na watano wanatosha, zaidi ya hapo mbega hujificha. Nendeni asubuhi, mvae viatu vya kufunika mguu, na masika mjiandae kwa tope. Mwalikeni mzee anayejua majina ya miti kwa Kichagga, na mkulima wa mpunga kutoka Mabogini. Beba fimbo iliyochorwa sentimita, pimeni kina cha maji mahali pale pale kila mkienda, na daftari la vipimo libaki shuleni ili darasa linalofuata liendelee nalo.