Kabla ya Mtoto Njiti Kuruhusiwa Kwenda Nyumbani

Swali ambalo wazazi huniuliza mara nyingi katika wodi ya watoto wachanga mahututi ni lile la uzito: mtoto akifikisha kilo ngapi ataruhusiwa? Uzito una maana yake, lakini siandiki ruhusa kwa kutazama mizani pekee. Nataka kuona kwamba mtoto ananyonya kiasi cha kutosha kumkuza, kwamba anahifadhi joto la mwili wake akiwa amevikwa nguo katika kitanda cha kawaida, na kwamba upumuaji wake umekomaa.

Hilo la tatu ndilo hutuchelewesha zaidi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati anaweza kuacha kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, na mapigo ya moyo yakashuka. Ndiyo maana wodi nyingi husubiri siku 5 hadi 8 bila tukio la namna hiyo. Ikiwa alikuwa akipewa kafeini ya kuchochea upumuaji, kusimamisha dawa hakutoshi kuanzisha hesabu ya siku hizo, kwa kuwa mwili wa mtoto njiti huiondoa polepole mno, na utulivu tunaouona huenda bado ni kazi ya dawa. Naelewa uchungu wa mzazi aliyekwisha kufunga mizigo anapoambiwa kwamba hesabu imeanza upya, lakini tukio la aina hiyo ni afadhali limkute mtoto mikononi mwetu.

Upande wa familia, napendelea walezi wawili wafundishwe, tena mapema, kwa sababu mafunzo yanayorundikwa siku ya kuondoka hayashikiki. Mlezi anipimie dawa kwa bomba la sindano mbele yangu, aoneshe namna ya kumsaidia mtoto aliyeacha kupumua, kisha alale naye chumba kimoja hospitalini, akimhudumia mwenyewe usiku kucha, wauguzi wakiwa karibu.

Chanjo hufuata umri tangu kuzaliwa, na kliniki ya kwanza iwe ndani ya siku 2 au 3 baada ya kuruhusiwa. Ninalolisisitiza kuliko yote ni macho: mishipa ya damu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya mtoto njiti inaweza kukua vibaya bila dalili yoyote ambayo mzazi angeiona, na nafasi ya kutibu ni fupi, kiasi kwamba miadi moja ikikoswa mtoto anaweza kupofuka. Kwa hiyo, kama uchunguzi huo haujakamilika, simruhusu mtoto kabla tarehe yake haijaandikwa na kabla sijajua ni nani atakayemleta.