Je, wajua? Spishi ya furu inaweza kutoweka bila samaki hata mmoja kuliwa

Nani aliwamaliza furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria? Kwa miaka mingi nilijibu kwa neno moja: sangara. Aliletwa ziwani miaka ya 1950, kufikia miaka ya 1980 akawa ametapakaa, na furu, waliokuwa na spishi zipatazo 500, wakaadimika. Jibu hilo si uongo. Furu wa maji ya wazi kweli waliishia tumboni mwake. Ila haliwaelezi furu wa miambani, ambao hujificha kwenye nyufa asikopenya sangara mkubwa. Hao nao, penye maji machafu, aina zao zimepungua. Nani kawala?

Hakuna aliyewala. Wameoana, spishi moja na nyingine, hadi wakawa kundi moja.

Chukua wawili tu. Dume wa Pundamilia pundamilia ni wa bluu. Dume wa Pundamilia nyererei ni mwekundu mgongoni. (Ndiyo, ni Mwalimu Nyerere huyo huyo, na jina la jenasi ni Kiswahili kitupu: wana milia.) Wakipandana huzaa watoto wenye rutuba kabisa. Kinachowatenga ni chaguo la jike, naye huchagua kwa rangi.

Sasa fikiria unanunua kanga usiku chini ya zile taa za barabarani za rangi ya chungwa. Nyekundu na bluu zote zinaonekana hudhurungi, unachukua yoyote, na asubuhi unashangaa ulichobeba. Watafiti waliwafanyia hivyo hivyo majike wa nyererei ndani ya matangi: kwenye mwanga mweupe walimfuata dume mwekundu, kwenye mwanga wa chungwa mtupu wakaacha kubagua. Ziwani taa hiyo ni maji yenyewe. Tope na mwani (vijimea vidogo vinavyoelea majini) humeza mwanga wa bluu kwanza, kinachobaki ni cha manjano na wekundu.

Cha ajabu, mwanga huo huo ndio uliosaidia kuwatenganisha. Maji yakiwa maangavu kiasi, mwanga hubadilika polepole kadiri unavyoshuka: wa bluu anakaa juu, mwekundu anakaa chini, na macho ya kila mmoja yamezoea mwanga wa kwake. Ziwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo kwa hesabu za mageuzi hayo yote ni ya juzi, ingawa mababu wa furu walikuwa tayari wana tofauti zao kabla ya maji kurudi.

Ni kiasi gani alaumiwe sangara na kiasi gani uchafu, ni vigumu kugawa, maana vilikuja pamoja. Sangara alipovuliwa sana, baadhi ya furu wameonekana tena. Lakini nyavu hazizuii mbolea inayosombwa na mvua, wala maji taka ya miji, wala udongo wa vilima vilivyokatwa miti, na hivyo ndivyo vinavyolisha mwani. Kisiwani Makobe, kwenye maji maangavu, bluu na wekundu bado ni spishi mbili. Luanso, ndani ya Ghuba ya Mwanza penye maji mazito, kuna kundi moja tu, na madume wengi ni wa rangi ya katikati.