Je, wajua juu ya nini fotografe wa harusi Goma anabeba batri tatu na karte nne, lakini trepie (tripodi) anaiacha nyumbani?

Wiki iliyopita kadogo mmoja wa mu avenue yetu, pale Katindo, alikuja kunionyesha apareyi (kamera) yake ya kwanza, okazyo, imepita mikono sijui mingapi mpaka ikafika Birere, na kabla hata sijaishika akaniuliza: "Yaya (kaka), sasa ninunue nini ingine? Mu YouTube banasema fotografe asiye na trepie na filta si fotografe." Sikumjibu. Nikamwaga begi yangu juu ya meza, ile ninayoendaga nayo ku harusi, tukahesabu pamoja: batri tatu, karte memwari nne (wengine mnaita memori kadi), flashi moja na mawe yake nane ya kuchaji, kapampu ka mpira ka kupuliza vumbi, vitambaa viwili, masasheti ya plastiki, na kipande cha karatasi nyeupe na elastiki yake. Trepie iko nyuma ya mlango, mama watoto anaanika juu yake nguo za mtoto.

Akaniangalia kama vile nimemficha kitu. Lakini ukiwa unapiga picha za watu swali ni moja tu, kitu hiki kikikosekana je, picha itakuwa mbaya kidogo ama haitakuwepo kabisa? Siku ya doti baba wa binti hapokei mahari mara mbili eti kwa sababu fotografe alikuwa anatafuta batri. Picha yenye kivuli kibaya familia itaisamehe, picha ambayo haipo watakuuliza mpaka mtoto wa kwanza azaliwe.

Tuanze na karte, juu hapo njo nililia.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua karte ya GB 128 kwa bei ambayo, nikifikiria leo, ilikuwa inanipigia kelele. Imeandikwa vizuri, rangi ileile, pakiti imefungwa. Nikaenda nayo ku doti (sherehe ya mahari) moja upande wa Himbi, nikapiga toka asubuhi mpaka jioni, kila picha nikiiangalia kwenye kioo cha apareyi iko poa. Usiku nafungua kwenye laptopu: za asubuhi ziko safi, wamama na vitenge vyao, mbuzi, vinywaji, wazee wamekaa. Halafu ikafika ile ya binti anatoka ndani ya nyumba na shangazi zake, juu kuna kitambaa cha kichwa na macho, kuanzia puani kushuka ni kijivu tupu. Inayofuata kijivu. Inayofuata kijivu. Majina ya mafaili yako yote, picha hakuna.

Sasa ile ilitokeaje? Ndani ya kila karte kuna kakompyuta kadogo, wanakaita kontrola, njo kanajibu apareyi ikiuliza "uko na nafasi kiasi gani?" Matapeli wanachukua chipu ndogo, tuseme ya GB 8, wanabadilisha kontrola iseme 128, na apareyi haina njia ya kujua, inaamini tu. GB 8 za kweli zikijaa, picha zinazofuata ama zinaandikwa juu ya zile za zamani ama zinatupwa hewani, lakini orodha ya majina inaendelea kuandikwa kama kawaida njo maana huoni kitu mpaka jioni. Na ile picha unayoona kwenye kioo ukishapiga, mara nyingi inatoka kwenye memwari ya apareyi yenyewe, siyo kwenye karte. Mimi nilikuwa napiga RAW (faili ghafi, nzito), picha moja karibu MB 25, hesabu mwenyewe: picha mia tatu na kidogo na GB 8 zimeisha. Hata chakula kilikuwa bado hakijaletwa.

Dawa iko na ni ya bure. Kuna programu inaitwa H2testw kwa wenye Windows, na F3 kwa wenye Linux ama Mac: inajaza karte yote na data, halafu inasoma tena kuangalia kama kilichoandikwa njo kilichobaki. Karte ya GB 128 itachukua saa moja na zaidi, acha ifanye, wewe kunywa chai. Karte ambayo haijapita kwenye huo mtihani haiingii kwenye apareyi yangu tena, hata kama ni zawadi.

Na juu ya nini nne ndogo kuliko moja kubwa? Juu karte nzuri pia inakufa. Nikiwa na nne za GB 32, moja ikifa asubuhi imekufa na asubuhi, mchana na jioni viko salama. Ukiwa na apareyi yenye matundu mawili ya karte, iambie iandike picha ileile kwenye zote mbili, usijidai. Kitu kingine ambacho okazyo zinatuletea: apareyi za zamani sana haziwezi kusoma karte zaidi ya GB 32, juu kuanzia hapo mpaka TB 2 karte zinaitwa SDXC na zinapangwa kwa mfumo mwingine. Utanunua ya 64, apareyi itakuandikia erere (kosa), utafikiri karte ni feki kumbe apareyi yako njo mzee.

Ukifuta picha kwa bahati mbaya, ama umeformati karte ambayo hujaihamisha, simama hapohapo usipige hata picha moja ingine. Kufuta kunaondoa tu orodha ya majina, picha zenyewe zinabakigi pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu kama PhotoRec, ya bure nayo, inaweza kuzitoa. Nyingi nimeziokoa hivyo. Zile za kijivu hapana, juu hazikuandikwa kabisa, nilirudisha falanga za watu nikaomba msamaha nikiwa nimesimama.

Batri sasa. Hapa Goma mambo ya kuran (umeme) hata sina haja ya kumweleza mtu, unaweka batri ku chaji saa mbili usiku unalala ukijua kesho uko sawa, asubuhi unakuta kataa ka chaja kamewaka rangi ileile ya jana. Lakini kuna sababu ingine ambayo wengi hawaijui, apareyi za kisasa zisizo na kioo ndani (mirrorless) zinakula batri kuliko zile za zamani. Kwenye zile za zamani ukiangalia kwenye katundu, unaona mwanga wenyewe umeruka kwenye kioo, batri imelala. Kwenye za kisasa unachoona ni kaskrini, na sensa (kile kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) inafanya kazi muda wote hata kama hupigi. Canon EOS 6D ya 2012 kwa kipimo rasmi inapiga karibu picha 1,090 kwa batri moja, Canon EOS RP ya 2019 ni karibu 250. Ni kweli batri ya RP ni ndogo, na kazini unapigaga zaidi ya kile kipimo, lakini tofauti unaiona. Njo maana wa 6D anaweza kujaribu kwenda na batri mbili, wa RP akienda na mbili namwombea.

Batri zangu nimeziandika 1, 2, 3 kwa verni ya kucha ya mke wangu. Zilizojaa zinakaa mfuko wa kulia, iliyoisha inahamia kushoto, na sigeuzi hiyo sheria hata siku moja, juu saa ya keki taa zimezimwa na watu wanapiga kelele huna muda wa kusoma chochote, mkono njo unajua. Waliopanda volkano ya Nyiragongo enzi zile wanajua kingine: kule juu, mita 3,470, baridi inapunguza nguvu ya batri, inaonyesha imeisha kumbe imeganda tu. Unaiweka ndani ya koti karibu na mwili, baada ya dakika kumi inarudi. Batri ya baridi haijafa, usiitupe.

Vumbi ya kwetu si vumbi ya kwingine, hii nyeusi. Mji huu umejengwa juu ya lava, ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, na leo magari na chukudu (zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo) zinaisaga kila siku. Chembe za mawe ya volkano ziko ngumu, zingine ngumu kama kioo ama kupita, na mbele ya objektifu (lenzi) kuna ngozi nyembamba sana imepakwa kupunguza mng'ao. Kwa hiyo ukichukua ncha ya shati ukasugua, unasugua na msasa! Nimeona objektifu ya rafiki yangu, ukiielekeza kwenye taa unaona miviringo midogomidogo kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga. Kwanza unapuliza na kapampu ka mpira, kioo kikiangalia chini ili vumbi ianguke, halafu brashi laini, halafu njo kitambaa, toka katikati kwenda nje. Mdomo usipulize, mate yanafuata. Kale kapampu ni bei ya soda chache na kameniokolea objektifu kuliko kitu chochote nilichonunua ghali.

Na msimu wa mvua geuza shida: unyevu. Ukifungia apareyi kwenye begi ya ngozi iliyolowa, gizani, wiki mbili tatu, ndani ya objektifu inaota kuvu kama utando wa buibui, na ikishakula ile ngozi ya kioo hakuna wa kuirudisha. Mimi naweka kwenye boksi ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyotoka ndani ya viatu vipya, vile ambavyo watu wanatupa. Vikishanyonya maji havisaidii tena mpaka vikaushwe, usivikusanye miaka kumi.

Flashi naiweka kwenye vya lazima kwa wa harusi tu, wa mandhari anaweza kuishi bila. Shida ya flashi ni kwamba mwanga unachoka haraka kuliko watu wanavyofikiria, mtu akiwa mita mbili anapata mwanga fulani, akiwa mita nne hapati nusu, anapata robo. Njo maana bibi-arusi anatoka mweupe kama chaki na wakwe nyuma wako usiku. Ukiielekeza kwenye dari mwanga unarudi mpana na tofauti inapungua, lakini angalia dari yenyewe, nyumba nyingi hapa ni tripleksi (plaiwudi) ya kahawia na itakupakia watu wote rangi ya chungwa, na chini ya shapito (hema) dari hakuna. Hapo njo ile karatasi nyeupe inafanya kazi: naifunga nyuma ya kichwa cha flashi na elastiki, flashi inaangalia juu, karatasi inarudisha mwanga kidogo mbele. Na mawe ya flashi chukua ya kuchaji, yameandikwa volti 1.2 wakati ya kawaida ni 1.5 na watu wanafikiri ni dhaifu, kumbe yanatoa nguvu kwa haraka zaidi, flashi iko tayari mapema. Ya kawaida yakianza kuchoka utasubiri sekunde nyingi na busu limeisha.

Filta, kale kakioo ka kufunga mbele ya objektifu, nitapita haraka. Ile ya UV ilikuwa na maana enzi za filimu, juu filimu ilikuwa inaona ile miale na milima ya mbali inatoka na ukungu wa bluu, apareyi za dijitali ziko na kioo mbele ya sensa kinachoizuia tayari. Leo unainunua kama ulinzi tu, na kofia ya objektifu inalinda vizuri kuliko yenyewe, tena inazuia jua la pembeni. Inayofaa ni polaraiza, juu kazi yake kompyuta haiwezi kuifanya baadaye: mwanga ukigonga maji unaruka ukiwa umelala upande mmoja, filta unaizungusha inaukata, na ukisimama ukingo wa ziwa Kivu ukaangalia maji kwa mteremko kama wa digrii 37 unaona mpaka mawe ya chini. Mabati mapya haiyasaidii, mng'ao wa chuma kitupu hauko hivyo. Na ndani ya sali (ukumbi) inakula mwanga bure, toa.

Trepie nayo haina kosa. Inazuia mkono wako usitikisike, lakini haizuii watu wasicheze, na ku harusi wanaotikisika ni wao. Saa kumi na mbili na nusu jioni ukitaka milima na mwanga wa mwisho juu ya ziwa, ichukue, utaona mitumbwi ya wavuvi wa sambaza (samaki wadogo), taa zao zimechora mistari na kila kitu kingine kimetulia. Upepo ukiwa mkali tundika begi yako katikati.

Masasheti ni ya mvua ukiwa nyuma ya motari (mwenye pikipiki), unatoboa tundu la objektifu unafunga na elastiki. Ila ukivuka kwenda Gisenyi yaache nyumbani, Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki toka 2008 na pale mpakani hawatanii.

Kadogo alisikiliza yote, akaandika mu simu, akaenda na falanga yake. Juzi amenitumia picha ya manunuzi: karte mbili, anaendelea kuzipima na F3, batri moja ya ziada, kapampu. Na filta ya UV. "Yaya, ilikuwa promosyo."