Jeni zinazohama, na jinsi mimea inavyozinyamazisha

Ukimenya mahindi ya kienyeji ya Misungwi au Magu, mara nyingine utakuta muhindi mmoja una punje nyeupe, za njano na za zambarau. Hapo chavua zimechanganyika tu shambani. Lakini punje moja ikiwa yenyewe ina madoadoa ya zambarau, kuna jambo jingine. Kipande cha DNA kilikuwa kimejipachika katikati ya jeni ya rangi na kuizima. Punje ilipokuwa inakua, kipande hicho kikachomoka katika seli mojamoja, jeni ikapona, na seli zote zilizozaliwa na hizo zikawa na rangi.

Kipande cha namna hiyo huitwa transposoni, yaani jeni inayohama. Barbara McClintock wa Marekani alizigundua kwenye mahindi miaka ya 1940, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Takriban asilimia 85 ya jenomu ya mahindi, yaani DNA yake yote, imetokana na vipande hivyo. Kwenye mpunga ni zaidi ya theluthi moja. Baadhi huchomoka na kuhamia kwingine. Nyingine hujinakili kupitia RNA, yaani nakala ya muda inayosomwa kutoka kwenye DNA, huku ya awali ikibaki palepale, na hizi ndizo zilizoivimbisha jenomu ya mahindi. Kila nakala mpya inaweza kuangukia ndani ya jeni muhimu na kuiharibu.

Mmea hauna namna ya kuzifuta zote, kwa hiyo unazinyamazisha. Transposoni iliyonyamazishwa ni kama mtumbwi uliofungwa kamba mwaloni: upo mzima, ila hauendi popote. Herufi za DNA hazibadilishwi hata moja. Kinachoongezwa ni alama juu yake, na elimu ya alama hizo ndiyo epijenetiki.

Alama kuu ni kundi la methili, kemikali ndogo inayobandikwa kwenye herufi C ya DNA. Histoni, yaani protini ambazo DNA imezizunguka, nazo hupata alama zake, na eneo zima hukazwa kiasi kwamba vimeng'enya vya kusoma jeni haviwezi kuingia.

Mmea unajuaje pa kubandika? Hapa ndipo ninaposhangaa kila ninaposoma habari hizi. Kimeng'enya kimoja, kilichopo kwenye mimea pekee, husoma eneo la transposoni na kutoa RNA fupi. Kingine huifanya iwe nyuzi mbili, cha tatu huikata vipande vya herufi 24. Kila kipande hushikwa na protini iitwayo Argonauti, kikawa kielelezo: popote penye mfuatano unaolingana nacho, methili inabandikwa. Kwa hiyo transposoni yenyewe ndiyo inayotoa taarifa inayotumika kuizima, na nakala yake mpya ikitua kwingine inaweza kutambuliwa kwa vipande vilevile.

Seli inapogawanyika, vimeng'enya vingine hunakili alama kwenye uzi mpya wa DNA. Kwa wanyama kama sisi, sehemu kubwa ya alama za methili hufutwa na kuandikwa upya kati ya kizazi na kizazi. Kwenye mimea nyingi hubaki, hivyo mbegu hurithi DNA pamoja na ukimya wake. Jambo hili lilionekana wazi kwa Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii moja na kabichi na sukuma wiki. Mwaka 1993 watafiti walieleza Arabidopsis yenye kasoro kwenye jeni iitwayo DDM1: sehemu kubwa ya methili ilipotea. Baadaye ilionekana kwamba transposoni zake zimeamka na kuanza kuhama, na vizazi vilivyofuata vikazidi kuwa na maumbo yasiyo ya kawaida.

Kwa wakulima wa Kanda ya Ziwa, nadhani sehemu ya kufuatilia ni miche ya maabara, kama ya migomba. Miche hiyo ina faida kubwa, hasa kwa kuwa inaweza kutolewa bila magonjwa. Ila kukuza tishu kwenye chupa kunaweza kulegeza ukimya huu. Kwenye mpunga, retrotransposoni (transposoni ya aina inayojinakili kupitia RNA) iitwayo Tos17 huamka tishu zinapokuzwa maabara. Kwenye michikichi, miche iliyotoka kwa mama mmoja ilikuwa ikitoa matunda yenye kasoro, mafuta kidogo, na mkulima aligundua baada ya kungoja miaka. Mwaka 2015 chanzo kilibainika: transposoni iitwayo Karma, iliyo ndani ya jeni ya maua, ilikuwa imepoteza methili. Sasa inawezekana kupima methili hiyo kwenye jani la mche na kuuondoa kabla haujapelekwa shambani.