Nati za rimu mpya kwenye pikapu: zikae wapi, zikazwe vipi

Ukifunga rimu za aloi za dukani kwenye Hilux au Prado iliyokuwa na aloi za kiwandani, nati zilizokuja na gari hazifai tena. Naanza na hili kwa sababu ndilo linalopuuzwa zaidi kwenye vibanda vya tairi hapa Nairobi, hata na mafundi wazuri. Nati inaingia, inakaza, gari linaondoka, na kwa macho kila kitu ni sawa. Kasoro imejificha ndani ya tundu la rimu, pale nati inapoigusa alumini.

Nati ya Toyota ya rimu za aloi ina shingo iliyonyooka inayozama ndani ya tundu, na juu ya shingo kuna washa bapa. Washa ndiyo inayobana. Rimu nyingi za dukani zimechongwa kwa namna nyingine: mdomo wa tundu umeinama kama koni ya digrii 60, na unataka nati yenye koni ya pembe hiyohiyo. Ukiweka nati ya washa hapo, inalalia ukingo mwembamba tu wa alumini. Ukingo unasagika, nati inalegea, na hakuna kiasi cha kukaza kitakachoiponya. Kinyume chake ni kibaya vilevile: nati ya koni kwenye rimu ya kiwandani inagusa mdomo wa tundu kwenye mstari mmoja tu na kuutafuna. Iko pia aina ya tatu, ambayo kiti chake (pale nati na rimu zinapogusana) kina mviringo kama wa mpira; Honda huitumia, na Volkswagen kwenye boliti zake. Ukiitazama kwa haraka utadhani ni koni, kwa hiyo usichague nati kwa macho dukani.

Kipimo changu ni maka peni. Paka wino kwenye koni ya nati, ifunge kwenye rimu, ikaze kidogo kwa spana, kisha ifungue. Wino ukifutika kwenye mkanda mpana unaozunguka koni yote, nati na rimu zinapatana. Ukifutika kwenye uzi mwembamba, au upande mmoja tu, irudishe dukani. Kama rimu zimepakwa rangi upya, angalia viti vya nati kabla ya hapo. Rangi iliyoingia kwenye kiti hubonyea polepole chini ya mbano, na kila inapobonyea nati inapoteza nguvu. Iondoe mpaka uone alumini tupu, lakini usiikwangue alumini yenyewe.

Baada ya kiti ni thredi, yaani mifereji ya nati na ya studi (skrubu nene zilizochomoza ambazo nati huingia). Hilux Vigo na Revo, pamoja na Prado 120 na 150, hutumia M12x1.5. Nissan Navara ni M12x1.25. Land Cruiser 200 ni M14x1.5. Namba ya kwanza ni unene wa studi kwa milimita, ya pili ni umbali kutoka thredi moja hadi inayofuata. Nati ya 1.5 kwenye studi ya 1.25 itaingia mizunguko miwili au mitatu kisha ikwame. Mkono wako utaihisi papo hapo, ila bunduki ya upepo haihisi kitu, itaisukuma mpaka thredi zote ziharibike. Ndiyo maana nasisitiza kila nati ianzishwe kwa vidole, hata kama foleni ya wateja ni ndefu.

Hesabu mizunguko unapoiingiza. Thredi zilizoshikana zinapaswa kuwa na urefu usiopungua unene wa studi: milimita 12 kwa studi ya M12. Kwa M12x1.5 hiyo ni mizunguko 8, kwa M12x1.25 karibu 10, kwa M14x1.5 mizunguko tisa na theluthi hivi. Pungufu ya hapo, ama rimu ni nene mno, ama kuna spesa katikati (bamba la kusogeza rimu nje) inayokula urefu wa studi. Na nati zilizozibwa kichwani zina mtego wake: studi ikiwa ndefu, hugonga kifuniko kabla nati haijaibana rimu. Toki renchi (spana inayolia ikifikia kipimo cha kukaza) italia kama kawaida huku gurudumu likicheza. Pima kina cha nati, halafu pima studi inachomoza kiasi gani ndani ya tundu rimu ikiwa mahali pake. Nafasi ya milimita mbili tatu ndani ya nati inatosha.

Chagua nati za chuma. Za alumini zenye rangi za kuvutia ziachie magari ya maonyesho. Kama matundu ya rimu ni membamba na soketi ya 21 haiingii, utahitaji nati nyembamba zenye meno ya nje na ufunguo wake maalumu, na ufunguo huo ukae ndani ya gari, si nyumbani.

Sasa kukaza. Kinacholizuia gurudumu si studi kulibeba kama msumari unavyobeba picha ukutani. Ni msuguano kati ya mgongo wa rimu na uso wa habu (kitovu chenye studi ambacho gurudumu hufungwa), na msuguano huo unatokana na mbano wa nati. Nati ya M12 ikikazwa kwa Nm 110 (niutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) thredi zikiwa kavu, inabana kwa nguvu ya takriban tani nne na nusu. Mbano ukipungua, rimu huanza kusogea kidogo sana kwa kila mzunguko, studi inakunjwa huku na huku, na mwishowe inakatika kwa uchovu wa chuma. Kwa hiyo sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka kutu na matope yabanduke na kutoka. Usipake grisi wala oili kwenye thredi au koni. Kwa kipimo kilekile cha spana, thredi yenye mafuta huvutika hata theluthi moja zaidi, na studi inakaribia kikomo chake bila wewe kujua.

Gari likiwa juu ya jeki, ingiza nati zote kwa mkono mpaka zikae, kisha zivute kidogo kwa spana ndogo. Rimu nyingi za dukani zina tundu la katikati kubwa kuliko habu (Hilux ni milimita 106), kwa hiyo zikikosa ringi ya katikati ya kuziba pengo hilo ni nati zenyewe zinazoiweka rimu sawa. Ukikaza moja mpaka mwisho kwanza, umeipindisha, na utausikia mtetemo ukifika kilomita 80 kwa saa. Shusha gari mpaka tairi iguse chini tu. Ukianza na nati ya juu, inayofuata ni ile inayotazamana nayo, kisha jirani yake, kisha ya ng'ambo ya huyo jirani. Kwenye studi tano, ruka moja kila mara. Nenda kwa awamu: Nm 40, 80, kisha kipimo kamili. Pikapu nyingi za M12 zenye rimu za aloi ziko kati ya Nm 100 na 135, na kitabu cha gari pamoja na maelekezo ya rimu ndiyo yenye neno la mwisho.

Toki renchi ndiyo zana ya kazi hii. Ukikwama barabarani bila nayo, kumbuka kwamba kuvuta kilo 22 mwishoni mwa spana ya sentimita 50 ni kama Nm 108. Mtu wa kilo 75 akisimama juu ya spana hiyo anaweka zaidi ya Nm 360. Studi iliyovutwa hivyo imekwisha, hata kama haijakatika.

Rudia kukaza baada ya kilomita 80 hadi 160, rimu zikiwa zimepoa. Kwenda Thika na kurudi kunatosha. Usingoje ushuke kwanza mteremko wa Mai Mahiu, ambako breki zinachemka na kupasha rimu moto. Usilegeze nati kwanza, vuta tu mpaka renchi ilie. Nati iliyozunguka robo mzunguko au zaidi ina tatizo la kiti, kutu au rangi, na dawa yake ni kufungua na kutazama. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati, vumbi jeusi la alumini, au tundu lililoanza kuwa kama yai ni dalili za gurudumu lililokuwa likicheza. Gurudumu likishacheza hivyo, badilisha studi zote za habu hiyo, na rimu yenye tundu lililolika usiifunge tena.

La mwisho ni tairi ya akiba. Kama bado iko kwenye rimu ya aloi ya kiwandani, nati zako mpya za koni haziwezi kuifunga. Weka nati sita za zamani kwenye mfuko mgumu pamoja na jeki, na soketi yake ikiwa ni tofauti.