Je, wajua kwa nini hita ya farasi hutundikwa juu, ilhali joto hupanda?

Mara ya kwanza kuona picha ya zizi la farasi huko Uingereza, hita nyekundu ikining'inia juu ya mgongo wa mnyama, nilicheka. Joto si hupanda? Basi hapo wanapasha bati, farasi anabaki akitetemeka. Niliwaeleza hivyo wote waliokubali kunisikiliza, na wote niliwapotosha.

Kinachopanda ni hewa iliyopata moto, kwa kuwa ni nyepesi. Hita hii haitegemei hewa. Hutoa miale ya infraredi, inayokwenda kama mwanga, hata kuelekea chini, na kugeuka joto inapogonga kitu. Simama kando ya mchoma mishkaki pale Makadara jioni, upepo ukivuma kutoka baharini: shavu linaloelekea makaa linaungua, sikio la upande wa pili halina habari. Kinga kwa kiganja, joto linakatika papo hapo. Au toka juani saa saba mchana, kaskazi imekolea, uingie chini ya mwarobaini. Hewa ni karibu ile ile. Ulichokwepa ni miale, tena imesafiri kilomita milioni 150 hivi, karibu njia yote pasipo hewa.

Farasi mzima mwenye afya hahitaji haya. Nyasi zinazochachuka tumboni humpa joto lake. Hita ni ya mtoto, mgonjwa, au aliyenyolewa manyoya.

Ila miale haichagui. Nyasi kavu, blanketi, vumbi na utando wa buibui huipokea vilevile, na swichi ya kujizima inayopima hewa hudanganyika: hewa bado baridi, nyasi zinaanza kufuka. Ndiyo maana hita hufungwa kwa mnyororo wa chuma, si kwa waya wake wa umeme, mahali ambapo hata farasi akisimama kwa miguu ya nyuma haifikii. Kwa taa ndogo, umbali ukizidishwa mara mbili joto hubaki robo. Hita ndefu haifuati hesabu hiyo sawasawa, kwa hiyo kimo cha kuitundika ni cha kusoma kwenye maelezo ya mtengenezaji.

Mfugaji wa kuku wa nyama Kisauni anajua: taa ikishushwa mno, vifaranga hukimbilia pembeni. Farasi naye aachiwe pembe ya kukimbilia.

Na madirisha yasizibwe. Mkojo wa farasi hutoa amonia, gesi inayochoma mapafu, na hewa inayotoka dirishani, kumbuka, siyo tuliyokuwa tukiipasha.